Maziwa Yote

Neno moja tu ndilo lililomponza Limi, mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini. Daktari Muhidini, mtu wa pwani mwenye haya ya kutaja viungo vya wanawake, alimwambia wodini, "Mama Jilala, itabidi tutoe maziwa yote." Limi akaitikia upesi. Titi lake la kulia lilikuwa gumu kama kibuyu, na la kushoto nalo lilishaanza kuota uvimbe. Alidhani maziwa yameganda, watayakamua, kisha arudi zake Ushirombo kupalilia pamba. Hata mumewe, Maige, aliridhia bila kuuliza.

Asubuhi nesi Justa akaja na wembe kumnyoa kwapa.

"Kukamua maziwa na kwapa wapi na wapi?" Limi akauliza huku akicheka.

Justa alikaa kitandani, akamweleza kwa Kisukuma, taratibu, kwamba maziwa anayotaka kutoa daktari ni matiti yenyewe, la kulia na la kushoto.

Roho ilimruka Limi. Alikumbatia kifua chake, akatamani kutoroka hata pekupeku. Daktari alipoitwa alimkuta amejibanza ukutani.

"Ukitoa moja tu?"

"La kulia lina kansa. La kushoto nalihofia sana. Nikiliacha, huenda ukarudi hapa tumeshachelewa."

"Ukiyatoa yote nitapona?"

"Siwezi kukuapia. Utakuwa na nafasi kubwa zaidi. Ila mkono unaweza kuvimba, jembe litakushinda kwa muda, na mtoto hutamnyonyesha tena."

Kuhusu Maige hakusema lolote, na Limi aliogopa hilo kuliko jembe. Mwanamume gani atamtaka mke mwenye kifua cha mvulana? Kisimani watamwitaje? Na je, akifa palepale chini ya kisu? Kisha akamkumbuka marehemu mama yake, aliyekikataa kisu akazunguka kwa waganga mpaka titi likapasuka, na wajukuu wakagoma kuingia chumbani kwa sababu ya harufu. Limi ndiye aliyekuwa akimwosha.

Akamgeukia mumewe aliyesimama mlangoni. "Baba Jilala, unasemaje?"

Maige akaangalia chini. "Mimi nakutaka uwe hai. Mengine sijui."

Hayo mengine ndiyo yaliyomtisha.

"Daktari," akasema, "niambie tena, lakini usiseme maziwa."

Muhidini akamtazama usoni. "Matiti. Yote mawili."

"Haya. Yatoe."

Nje barazani Jilala, mgongoni kwa shangazi yake, akaanza kulia kwa njaa. Titi la kushoto likachuruzika maziwa lenyewe, khanga ikalowa, na Justa akakaa na wembe wake mkononi akisubiri yaishe.