Maji ya Bi Tahiya

Bi Tahiya alifariki alfajiri ya Jumatano, na jua halijapanda vizuri wasia wake ulikuwa umeshamfikia Mwanakheir. Aliyeuleta ni Faiza, binti wa marehemu, mwalimu wa skuli huko Chukwani, ambaye kwa siku nne alikuwa hapa Kiponda akimuuguza mama yake. Alisimama mlangoni macho yamevimba, hata salamu hakuimaliza.

"Khalati, mama katutoka. Kausia umkoshe wewe. Kasema mtu mwengine asimtie mkono."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," alisema Mwanakheir, na moyo wake ukafanya mambo mawili kwa pamoja. Ulimlilia Bi Tahiya, aliyemfundisha kazi ya kukosha maiti miaka kumi na minane iliyopita. Na ulishikwa na hofu, kwa sababu tangu mwezi wa Mfunguo Tatu alikuwa ameweka nia, kimya kimya, kwamba hatakosha tena maiti ya mtu yeyote.

Sababu aliijua yeye na Mola wake. Udhu wake wa sala moja ulikuwa ukichukua dakika arubaini. Alikosha mkono wa kulia, na akifika wa kushoto hujiuliza: ule wa kulia, maji yalifika kiwikoni? Akarudi. Akifika kichwani hujiuliza kama alitia nia. Akaanza upya. Mara ngapi sala ya alfajiri ilimpita yuko mferejini, kwenye bomba la maji, analia, maji yanamwagika! Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, na watu wakimuuliza husema ni sabuni. Si kwamba hakujua mafunzo. Alijua kwamba shaka inayokuja baada ya ibada kwisha haitazamwi, na kila Ijumaa aliwafundisha wanawake wenzake hivyo hivyo. Lakini ujuzi ulikuwa kichwani, na kichwa ndicho kilichokuwa kikiumwa.

Na hakuna aliyeona maradhi. Watu waliona ucha Mungu. Wakoshaji wengine walimaliza maiti kwa nusu saa, Mwanakheir alikaa saa mbili. "Ukikoshwa na Mwanakheir unafika kaburini unang'aa," walisema wanawake wa mtaa, na kila penye msiba walimwita yeye.

Alitaka kumwambia Faiza palepale mlangoni.

"Faiza mwanangu, mimi..."

"Najua, khalati." Faiza alimshika mkono. "Najua ulivyompenda. Ndiyo maana kakutaka. Kasema hakuna mwenye mkono safi kama wako."

Mwanakheir akavaa baibui lake, wakatoka.

Maiti ilikuwa imeshawekwa kwenye ghorofa ya chini, katika chumba cha uani, juu ya kitanda cha kukoshea kilicholetwa kutoka msikitini. Mambo yote mengine yalikuwa yamepangwa na Muhiddin, mtoto mkubwa wa Bi Tahiya. Marehemu atasaliwa baada ya Adhuhuri katika msikiti wa jirani, kisha gari itamchukua hadi Mkokotoni, azikwe ubavuni mwa mumewe. Kaburi lilikuwa likichimbwa.

Saa nne mlango ulifungwa. Ndani walibaki wanawake watatu: Mwanakheir, Faiza, na Bi Wanu, mama wa miaka sitini na kitu, mgonjwa wa magoti lakini si wa mdomo, ambaye kazi yake siku zote ilikuwa kumimina maji. Ndiye aliyepitia Darajani kununua karafuu maiti na udi.

"Leo tusichelewe," alisema akipanga ndoo. "Magoti yangu hayakuumbwa kwa maiti zako za saa mbili, Mwanakheir. Mie siku yangu ikifika nikosheni upesi, nna haraka zangu."

Faiza alicheka kidogo, kisha akalia.

Mwanakheir alisoma bismillahi. Alimfunika marehemu shuka, akaupitisha mkono chini yake, akamsafisha, akamtawadhisha kama mtu anayekwenda kusali. Kichwa alikikosha kwa maji ya majani ya mkunazi. Upande wa kulia, kisha wa kushoto. Mkono ulikwenda kama ulivyofundishwa na mwenye mwili huu huu, na kwa muda alidhani Mungu amemsitiri. Mara ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ilikuwa ya maji ya karafuu maiti, nayo ikapita, na saa ilikuwa bado haijafika tano.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Wanu. "Faiza, lete taulo, mwanangu."

"Ngoja," alisema Mwanakheir.

"Kuna nini?"

"Nyuma ya sikio la kushoto."

"Maji yamepita, nimeyaona."

"Umeyaona?"

"Kwa macho yangu haya. Hebu tumfute."

Haikuwa sauti ya jini wala ya mtu. Ilikuwa fikra yake mwenyewe, inasema kwa maneno yake mwenyewe: Je, kama hayakufika? Bi Tahiya atakwenda mbele ya Mola wake na pahala pakavu, na aliyepaacha ni wewe. Kifua kilimbana. Alijua kwamba akirudia kitalegea. Alijua pia kwamba kitalegea kwa pumzi mbili tatu tu, kisha kitabana kuliko mwanzo. Vyote hivyo alivijua.

"Tuanze tena," alisema.

Walikosha mara ya nne, na kwa kuwa idadi inatakiwa iwe witiri, isiyogawanyika kwa mbili, wakaingia ya tano. Katikati, Mwanakheir alisimamisha mkono.

"Hii ya ngapi?"

"Ya tano," alisema Bi Wanu.

"Si ya sita?"

"Ya tano, bibi we!"

"Faiza?"

Faiza alijifuta uso kwa bega. "Nilikuwa nalia, khalati. Sikuhesabu."

Basi hiyo ilitosha. Mwanakheir aliiacha hesabu yote akaanza moja. Ndoo zilikwisha. Bi Wanu alifungua mlango kwa upenyo wa mkono, akaomba maji, kwani tangi la juu lilikuwa tupu na mfereji mtaa ule hutoa maji jioni. Ndoo kutoka kwa majirani zikaanza kupita mlangoni moja moja. Nje, wanaume waliokaa barazani walisikika waziwazi.

"Kwani wanakosha mtu mmoja mle, au ukoo?"

"Wee Amour, tia adabu. Huyo ndani Bi Mwanakheir. Kazi yake ndiyo hiyo, hakuna kulipua."

"Mie nasema tu, jua linapanda."

Mwanakheir alisikia sifa ile ikampita mwilini kama homa. Akaongeza kusugua.

Saa sita kasorobo Muhiddin alibisha hodi.

"Bi Wanu!"

"Naam!"

"Imamu anauliza. Na Mkokotoni wamepiga simu, kaburi tayari. Mko wapi?"

"Mwambie imamu, maiti anatoka sasa hivi."

"Ndivyo ulivyoniambia kule mwanzo, mama yangu."

Bi Wanu aliusukuma mlango, akageuka, na safari hii hakutania. "Mwanakheir, muogope Mungu. Watu wanangoja."

"Ndiye ninayemuogopa," alijibu Mwanakheir. Na ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomfunga. Angekuwa hamuogopi Mungu angemaliza kitambo, angekunywa chai.

Ikaadhiniwa. Adhana ya Adhuhuri iliingia kwenye kile chumba kupitia kidirisha cha juu, na Faiza akaweka kopo chini.

"Khalati, sheria si mara moja? Mara moja mwili mzima, basi, faradhi imepita?"

"Mara moja."

"Sasa sisi tunafanya nini?"

Mwanakheir alikuwa miguuni. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake, na mkono ulikuwa ukienda na kurudi juu ya muundi wa Bi Tahiya, pahala pamoja, kwa sababu hapo ndipo fikra ilipokuwa imesimama. Bi Tahiya aliugua sukari miaka mingi, na ngozi ya miguu yake ilikuwa nyembamba hata alipokuwa hai. Kitambaa kilikwenda, kikarudi, kikaenda, na ngozi ikabanduka. Ilikunjika chini ya kitambaa kama utando wa juu ya maziwa, na chini yake pakaonekana pekundu.

"Mama!" Faiza alipiga ukelele. "Khalati unamchuna mama! Unamchuna!"

Barazani wanaume wakasimama.

Mwanakheir aliangalia. Aliiona ngozi, akaviona vidole vyake. Na palepale, bila ya kungoja hata pumzi moja, fikra ikamwambia: pametoka majimaji, hiyo najisi, kosha tena.

Hapo ndipo alipoitambua. Miaka mitatu aliidhania ni hofu ya Mungu iliyozidi kiasi. Lakini mwenye kumuogopa Mungu, akiona amemuumiza maiti, angesita, angelia, angeomba msamaha. Hii haikusita. Haikumjua Bi Tahiya, wala haikumjua Mungu. Ilitaka maji tu.

Ya Rabbi, aliomba moyoni, nitoe humu. Kifua hakikulegea hata kidogo. Mkono bado ulikuwa ukitaka kurudi pale.

"Bi Wanu," alisema. "Nipokonye kitambaa."

"Unasemaje?"

"Nipokonye. Mwenyewe sitaweza kukiweka. Mimi mgonjwa, Bi Wanu, mwaka wa tatu huu. Nikishika maji siwezi kuacha."

Bi Wanu alibaki na ndoo yake mkononi. Faiza ndiye aliyekuja. Alikivuta kitambaa kwa nguvu, akakitupa ukutani.

"Mgonjwa, na hukusema?"

"Sikusema."

"Ukaja kumshika mama yangu, na hukusema!"

"Nilipenda mnavyonisifu," alisema Mwanakheir.

Muhiddin aligonga, safari hii kwa ngumi. "Wanakimu, sala inaanza! Kuna nini humo ndani?"

Faiza hakumjibu kaka yake. Alimkazia macho Mwanakheir. "Nijibu jambo moja. Mama kakoshwa, au hakukoshwa?"

Hakuna swali lililowahi kumuelemea Mwanakheir kama hilo. Kila kitu ndani yake kilisema hakukoshwa. Sikio, kiwiko, muundi, hesabu, nia. Angeweza kusema "mara moja ya mwisho," nao wangemkubalia, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi.

"Kakoshwa," alisema. "Tangu saa tano kakoshwa. Mtieni pamba hapo kwenye muundi, mumfute, mumkafini sanda yake. Msinipe kitu mkononi."

Alikwenda kwenye kona akaelekeza uso ukutani, mikono ameibana kwapani. Kutoka hapo, bila ya kugeuka, akawaelekeza kwa mdomo. Kitambaa kipi kinatangulia. Nywele zisukwe mikili mitatu. Pamba iende wapi, udi upite wapi. Faiza, ambaye hakuwahi kuishika sanda, alikuwa akiuliza, naye anamjibu.

"Hivi, khalati?"

"Sioni, mwanangu. Kama imefunika, ndiyo hivyo."

"Imefunika."

"Basi funga."

Bi Wanu alifunga vifundo huku akinong'ona dua, na mara mbili alikohoa kama mtu anayezuia kilio.

Mlango ulifunguliwa, wanaume wakaingia na jeneza. Walipompitisha Bi Tahiya nyuma ya mgongo wake, fikra ilimpigia kelele Mwanakheir kwa nguvu zake zote. Wasimamishe! Bado! Alilitia pindo la mtandio mdomoni, akauma. La ilaha illa llah, walisema wanaume, wakaingia kwenye kichochoro, na sauti zikaenda zikipungua mpaka hazikusikika. Waliiwahi sala ya maiti. Jamaa walikuwa bado hawajatoka msikitini.

Juu, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Mwanakheir alipopanda ngazi walimfanyia nafasi, na bibi mmoja mkubwa akamshika goti.

"Mwenyezi Mungu akulipe, Bi Mwanakheir. Tangu asubuhi tunasikia maji yakimwagika. Wewe ndiye mkoshaji."

Faiza alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alikuwa akimtazama tu.

"Msinisifu," alisema Mwanakheir. "Nimemchubua." Akawaeleza yote, ya mferejini, ya sala zilizompita, ya vidole, ya saa mbili mbili walizozidhania ni uchaji. Alieleza kwa sauti ndogo.

"Huyo shetani tu," alisema yule bibi mwishoni, akiuondoa mkono wake gotini taratibu. "Utasomewa."

"Nitasomewa. Mwenyewe nasoma kila siku. Na hospitali nitakwenda vilevile. Ila mtafute mkoshaji mwengine katika mtaa huu."

Wanawake walitazama mikeka. Mmoja alianza kusoma Yasini kwa sauti, wengine wakamfuata, na Mwanakheir akasoma nao.

Alipoondoka, Faiza alimfuata hadi chini, mpaka kwenye kizingiti.

"Mguu wa mama sitousahau, khalati."

"Usiusahau."

"Jumatatu asubuhi nitakuja kukuchukua. Mwalimu mwenzangu anatibiwa maradhi kama haya, anamjua daktari. Saa mbili uwe umeshajitayarisha. Nikikukuta mferejini sikungoji, nakuja naufunga."

"Ufunge," alisema Mwanakheir. "Nitakubembeleza usiufunge. Ufunge."