Upande wa Ndani wa Kitambaa

Fundi alitandaza kitambaa cha buluu mezani, uso chini kama kawaida, ili chaki isichafue upande utakaoonekana. Binti yake akainama na kuchora kipande cha kifua cha koti, mkono hautetereki. Karakana nzima walimwita Chaki. Makoti yenyewe yalikuwa ya shule ya watoto wenye vipaji, ileile ambayo wiki iliyopita alikuwa ameifanyia mtihani wa kuingia.

"Ukipita, koti lako nalishona bure," alisema mama wa cherehani ya pili.

"Bure ya nani? Kitambaa changu, uzi wangu," fundi akamjibu.

Asubuhi hiyohiyo fundi na binti yake wakaenda shuleni kuchukua majibu. Mpimaji, dada mmoja mpole, aliwakalisha na kuwaonyesha karatasi. Kila swali lilikuwa na picha ya karatasi iliyofunguliwa, yenye alama, na chini yake maboksi manne. Mtoto alitakiwa kuchagua boksi litakalotokea karatasi ikikunjwa.

"Hukupita, mwanangu. Sehemu hii ya maumbo hukupata hata moja."

Chaki akaikodolea macho picha. "Si boksi hili?"

"Hilo ni kinyume chake. Alama imekwenda kushoto badala ya kulia."

"Kwani hapa si ndani?"

"Ndani ya nini?"

"Ya karatasi. Si tunachora kwa ndani, halafu tunageuza?"

Mpimaji akaivuta karatasi ya majibu karibu. Akayapitia majibu upya kwa kidole, moja moja, mpaka la mwisho.

"Yote," alisema taratibu. "Yote kayageuza vilevile. Baba, huyu mtoto anaona. Anaona kuliko wengi waliopita."

"Basi andika hivyo."

"Inayosahihisha ni mashine. Na mtihani wenyewe hufanywa mara moja tu."

"Mliwaambia watoto kwamba picha ni ya upande wa nje?"

"Hapana. Tulidhani kila mtu anajua."

"Mimi pia napima watu, dada. Koti likimbana mteja, simwambii kosa ni la mwili wake."

"Nimekuelewa, baba," alisema mpimaji, na mkono wake ulikuwa umeshamwashiria mzazi mwingine aliyesubiri zamu mlangoni.

Waliporudi, mama wa cherehani aliwatazama nyuso, akarudi kwenye mshono wake. Chaki alitandaza kitambaa kingine. Safari hii uso ulikuwa juu. Akachora umbo lilelile, mstari kwa mstari.

Fundi aliona papo hapo. Likikatwa hivyo, koti litafungwa kinyume, na mfuko wenye nembo ya shule utakaa kifua cha kulia. Mstari wa chaki hufutika. Mkato haufutiki. Na oda ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

"Umegeuza," alisema.

"Nimechora wanavyotaka wao, kwa nje."

Fundi alishika mkasi, akasimama nao kidogo. Kisha akaanza kukata, polepole, akiufuata mstari wa binti yake mpaka mwisho.