Viunganishi Vyote Vipakwe Grisi

Zilibaki siku tatu za majaribio yangu katika gereji ya zahanati. Siku ya mwisho ndiyo ya ukaguzi, na Bosi alishasema wazi: magari yasipowaka, fundi wa umeme afungashe virago. Fundi wa umeme ni mimi. Nyumbani nina mapacha wa mwaka mmoja na nusu, wanaoota meno kwa zamu.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nilifungua soketi za nyaya kwenye magari yetu matatu ya wagonjwa, nikakuta kutu ya kijani imetanda kama ukoga. Nikaandika ombi la grisi ya umeme, ile nyeupe ya kwenye tyubu, inayozuia maji yasifike kwenye pini. Na kwa kuwa shule ya jioni imenitia maringo ya Kiswahili sanifu, sikuandika "soketi". Niliandika "viunganishi".

Hapo nikawa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Bosi haulizi. Kwake, kuuliza ni kushuka cheo. Alisoma ombi, akakohoa, akabandika tangazo ukutani: VIUNGANISHI VYOTE VIPAKWE GRISI KABLA YA UKAGUZI.

"Mama Pacha," akaniita mzee wa stoo, tunayemwita Mzee Hakuna kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila ombi. "Viunganishi si yale maneno 'na', 'lakini', 'kwa sababu'? Mjukuu wangu kafeli hilo swali juzi tu."

"Ndiyo hayo, babu. Ila hapa ni soketi."

"Grisi ya soketi hakuna. Ya magurudumu ipo, ndoo mbili."

Bosi akatokea mlangoni. "Kiunganishi ni chochote kinachounganisha! Kitasa kinaunganisha mlango na gari. Mkanda unaunganisha mtu na kiti."

"Na usukani, Bosi?" Mzee Hakuna akamchokoza.

"Unaunganisha dereva na barabara. Paka!"

"Samahani, Bosi, mimi nilimaanisha..."

"Mama Pacha, huko jioni mnafundishwa kubishana?"

Basi vikapakwa vitasa, mikanda, usukani, hata bawaba za kitanda cha mgonjwa. Mimi nikaenda gereji ya jirani kuomba tyubu, nikapewa iliyokamuliwa karibu yote. Ilitosha gari moja. Nilichomoa waya wa betri, nikasugua kila soketi kwa brashi, nikaacha ikauke, nikapaka utando mwembamba tu, kama ninavyowapaka wanangu mafuta mashavuni. Kisha nikaisukuma irudi mahali pake hadi nikasikia "ta!"

Siku ya tatu mkaguzi alikuja amevaa shati jeupe. Akashika kitasa, mkono ukateleza. Akafunga mkanda, shati likapata mstari mweusi kuanzia begani hadi kiunoni.

"Nini hii?"

"Viunganishi, mheshimiwa," Bosi akajibu kwa fahari.

Akageuza ufunguo: gari la kwanza likanyamaza kimya. La pili likakohoa mara moja, basi. La tatu likawaka papo hapo.

"Hilo nimelisimamia mimi mwenyewe," Bosi akadakia.

"Vizuri. Fungua boneti, unionyeshe ulipopaka."

Bosi aliitazama injini kama mgeni anayetafuta choo nyumba ya watu. Mwishowe akanyoosha kidole kwenye chupa ya maji ya kuoshea kioo.

Mkaguzi akanigeukia. "Dada, wewe je?"

Niliinama kwenye injini. Nikachomoa soketi moja, nikamwonyesha: pini zinang'aa, na utando wa grisi pembeni.

"Nani alikutuma?"

Ningeweza kusema mengi; nikaonyesha ukutani. "Tangazo, mheshimiwa."

Akacheka hadi akasahau shati lake. "Aajiriwe leo hii. Tyubu zinunuliwe, na hayo mawili ayamalize yeye."

Barua ilitoka mchana huohuo, kwa mkono wa Bosi. Cheo changu: Mpaka Grisi Msaidizi. Mpaka Grisi Mkuu, barua ilifafanua, ni Bosi mwenyewe.

Nikatia sahihi bila kubishana, nikaenda kufungua boneti ya gari la kwanza.