Siku Tuliyompa Mama Habari Mbaya

Siku hizi mtoto hajakauka maji ya kuzaliwa, picha yake imeshafika Kigoma, imeshafika Ubelgiji, na shangazi wa huko ameshauliza kwa nini kichwa kimekaa vile. Siichukii simu. Ninayo, na naitumia kusengenya kama watu wengine. Lakini nikikumbuka jinsi habari za ukoo zilivyotufikia hapa Rumonge wakati wa vita, moyo unaniuma kwa hamu. Dereva wa hiace ya Nyanza-Lac alikuwa hamalizi kushuka sokoni kabla hajazungukwa: fulani yuko wapi, nyumba ya fulani imesimama, binti wa fulani kaolewa na nani huko kambini. Mama yangu, Mwanahamisi, alikuwa anakwenda na kigoda chake kabisa. Anakaa, anasikiliza, anarudi nyumbani na ukoo mzima kichwani, anatugawia mmoja mmoja huku anachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Tulimcheka sana. Leo ningetoa chochote nimsikie tena akisema, "Sogeeni, nimetoka sokoni."

Habari mbaya ndizo zilizokuwa na taratibu zake. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba, mjamzito haambiwi, mwenye presha haambiwi. Mtu wa namna hiyo akiulizia ndugu zake anaambiwa, "Wote wako wazima, wanasalimia," basi. Mama alikuwa na presha tangu mimi sijazaliwa. Kwa hiyo sisi wanawe tulitangulia sokoni kumkonyeza dereva, tukijiona werevu ajabu.

Kisha kikaja kipindupindu. Watu walikuwa wamekimbia vita kutoka milimani, wakajazana ufukoni, wakinywa maji ya ziwa vile vile yalivyo. Mahema ya wagonjwa yakapigwa kwenye kiwanja cha mpira nyuma ya mtaa wetu, yakazungushiwa kamba, na harufu ya klori ikaingia mpaka kwenye wali. Kupeana mikono marufuku. Kukaa matanga marufuku. Mama akashikwa wakati dada yangu Sikujua ana mimba ya leo au kesho. Walipombeba kwa machela aligeuza shingo akatuagiza:

"Akizaa, mupige vigelegele kwa nguvu. Kule nitasikia."

Kule kusikia kulikuwa rahisi, maana kiwanja hakikuwa mbali na ua wetu. Na Sikujua alizaa salama, Ijumaa mchana, mtoto wa kiume mwenye mapafu ya mnadi. Ila jirani yetu wa ukuta mmoja, Mama Bora, alikuwa amezikwa asubuhi ile ile. Nani atampigia mfiwa vigelegele sikioni? Ismaili, baba wa mtoto, akamwadhinia mwanawe kwa sauti ya chini, sisi wanawake tukakumbatiana kimya kimya tukilia kwa furaha. Nilijiona nina adabu kweli siku hiyo.

Kesho yake Elda, muuguzi wa mahemani, akaja akasimama mbali na kibaraza.

"Amahoro," akatusalimia. "Mama yenu anakataa kunywa maji ya chumvi. Serumu ya mshipani imetuishia, iko ile ya kunywa tu. Asipokunywa leo, kesho hatutakuwa naye." Akasita kidogo. "Anasema binti yake amekufa."

Nilikimbia mpaka kwenye kamba. Hema la Mama lilikuwa la mbele, pazia lake limeinuliwa. Alikuwa amelala ubavu, kikombe kimejaa kando yake, na mwili ule niliouzoea mnene umepungua nusu yake.

"Mama! Sikujua iko muzima! Amezaa mutoto mwanaume!"

Hakugeuka. "Ndiyo, mwanangu. Wote wako wazima. Wanasalimia."

Alikuwa anaturudishia maneno yetu wenyewe. Alikuwa amelala pale akitega sikio mchana kutwa na usiku, hakusikia vigelegele, na sasa anakuja mtu kumwambia mambo ni mazuri, yeye mgonjwa, ambaye kwa desturi haambiwi ukweli.

Tulijaribu kila njia. Kumleta mzazi na kichanga kwenye kipindupindu, hilo hata kichaa halifanyi. Ismaili akaja akaapa kwa Mwenyezi Mungu. Mama akamjibu, "Pole sana, mukwe wangu," kwa sauti ile ya kumpa mtu mkono wa rambirambi. Kadiri tulivyoapa ndivyo alivyozidi kumzika Sikujua. Elda alimwekea kikombe mdomoni, akafumba midomo kama mtoto anayekataa uji.

Mimi nina hasira za karibu, mtaani wananijua. Nilipoiona midomo ile imefumbwa, nilipasuka.

"Unataka habari, Mama? Haya, chukua! Nyumba ya shemeji yako Gatete waliichoma, haikubaki hata mulango! Binamu yetu Nasoro hakuenda Bujumbura kutafuta kazi, alikimbia na mutumbwi, iko kambini Tanzania, na muke wake amemuacha!"

Ismaili akanivuta kanga. "Kaoutar, nyamaza, utamuua!"

"Niache! Na mujomba Abasi amekufa, Mama. Walimuua ku barabara ya Nyanza-Lac, tukamuzika bila weye. Hasalimii. Hajasalimia hata siku moja, tulikuwa tunakudanganya. Na Sikujua amezaa jana, mutoto iko na kichwa kirefu kama papai na pua ya huyu Ismaili, na vigelegele hatukupiga kwa sababu Mama Bora amekufa, naye tulimuzika jana asubuhi!"

Nilijisikia nikihema. Ismaili alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na mimi nikakumbuka kwamba presha ya Mama haikuwa hadithi.

Mama aligeuka polepole. Macho yake yalikuwa yamezama ndani, lakini yalinitazama mimi hasa.

"Ya Abasi nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Toka Ramadhani. Dereva aliona aibu kunificha, akaniambia."

Abasi alikuwa kaka yake wa pekee, wamenyonya titi moja. Tangu Ramadhani tulikuwa tumefunga, tumefuturu, tumesherehekea Idi, na kila Ijumaa alituuliza, Abasi hajambo? Na sisi tukajibu kwa pamoja, tena kwa tabasamu.

"Sasa kwa nini ulikuwa unatuuliza, Mama?"

"Nilikuwa nangojea mumoja wenu aseme hapana," akasema. "Nipate mutu wa kulia naye."

Uso wake ukakunjamana, na sauti ikamtoka, nyembamba, ya mtu asiye na maji mwilini. Nikakaa chini kwenye nyasi, kamba ikinigusa kifuani, nikamlilia mjomba wangu kwa sauti mbele ya watu, matanga yakiwa marufuku. Mama akalia upande wake na mimi upande wangu. Na kila alipotua kuvuta pumzi Elda alimwekea kikombe mdomoni, akanywa, kama bibi mwenye mjukuu wa kwenda kumwona.