Kichekesho cha Trekta Saba

Kwetu Des Moines, Marekani, usiku wa Halloween, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba na mavazi ya kuigiza, mtoto hapewi pipi bure. Anabisha mlango, anasimama na foronya yake ya kutilia pipi mkononi, na mwenye nyumba anamkazia macho mpaka atoe kichekesho. Hata awe na miaka mitatu. Hata awe amejikojolea ndani ya vazi la dubu. Hakuna kichekesho, hakuna pipi. Mimi nimekulia humo na sikuwahi kuona ajabu, mpaka mwaka ule nilipozungushwa mtaa mzima nikiwa makalio ya ng'ombe.

Nianze na hayo makalio. Emina, shoga yangu tangu darasa la kwanza, alikodi vazi la ng'ombe wa watu wawili kwa ajili ya sherehe ya wenzetu wa shuleni. Tukarusha sarafu nani awe kichwa, nikashindwa. Nikamwambia turudie, akakataa. Huyo ndiye Emina: ukimshinda mnarudia, akikushinda hiyo ni sheria ya nchi.

Kabla ya sherehe nilikuwa na kazi moja tu, kukaa na Babu Verlin mpaka Mama arudi kutoka zamu yake ya hospitali saa mbili. Babu ni baba yake Mama, na alikuwa amekamatwa na usahaulifu. Sisemi wa kusahau miwani. Babu alisahau tuko mwaka gani. Alishatoka nyumbani mara mbili peke yake, na mara ya pili alikutwa kando ya barabara kuu na nguo za kulalia, magari yanampita kwa kasi, yeye anayapungia mkono. Siku ile Mama alisimama jikoni akashika kingo za sinki, akasema Babu akitoka tena mara moja tu, Jumatatu anakwenda nyumba ya wazee, chumba kimeshapatikana. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu ambaye hajalala vizuri tangu kiangazi.

Mimi nyumba isiyo na Babu sikutaka hata kuifikiria. Ndiye aliyenifundisha kuendesha trekta kabla miguu yangu haijafika kwenye breki. Ndiye aliyenipa kichekesho changu cha kwanza cha Halloween, kile kile anachokisimulia miaka yote, kwa sababu hana kingine. Kwa hiyo jioni ile nilimweka mlangoni kwenye kiti chake, na blanketi magotini na bakuli la pipi. Zile za karanga Mama alishazichambua zote asubuhi akazitia kwenye mifuko ya koti lake la kazi, ndiyo desturi yake, na ole wako uzisogelee. Babu alifurahi mno. Watoto walikuja na vichekesho vyao, yeye anawapima kwa uso mkavu kama hakimu, halafu anawapa pipi konzi nzima.

Sebuleni mimi na Emina tukajaribu vazi. Zipu ikapanda vizuri, ikafika chini ya shingo ya Emina, ikang'ata. Tukavuta. Tukapaka siagi, tukavuta tena. Tukaangusha taa ya mezani. Nilipokuwa nimeinama nyuma ya Emina, pua yangu iko mgongoni mwake, ndipo niliposikia kwamba mlangoni kumekuwa kimya.

Kiti kilikuwa kitupu. Bakuli lilikuwa limekombwa. Chumbani kwa Babu kitanda hakina shuka, mto hauna foronya, na sakafuni palikuwa na mkasi na viduara viwili vya kitambaa cheupe, vilivyokatwa mahali pa macho. Babu alikuwa ametoka, na ametoka akiwa mzuka.

Emina akasema tumpigie Mama simu. Nikamwambia kumpigia Mama simu ni kumfungia Babu mizigo yake, tunamtafuta wenyewe na tunamrudisha kabla ya saa mbili. Basi tutulie kwanza tutoke ndani ya ng'ombe, akasema. Zipu ikakataa, na mkasi sikutaka hata kuugusa kwa sababu vazi lilikuwa la kukodi. Tukatoka hivyo hivyo.

Sasa nieleze vipi. Ng'ombe wa watu wawili si chombo cha haraka. Aliye nyuma haoni kitu isipokuwa viatu vyake, na kila mtoto anayempita anamvuta mkia. Mvulana mmoja alitudai tulie kama ng'ombe, nikamjibu maneno ambayo ng'ombe hawayajui. Mbwa mmoja akatupenda akatufuata. Na mizuka sasa! Shuka ni rahisi, kila nyumba iliyokosa fedha ya vazi mwaka ule ilitoa mzuka. Emina alikuwa akiniripotia kutoka mbele: mzuka mfupi, mzuka mnene, mizuka mitatu imeshikana mikono.

Kisha akasema, "Mrefu. Anachechemea kidogo, kama Babu. Kulia, Maren, kimbia."

Tukamvamia. Nasema tukamvamia kwa maana kamili, kwato nne na mkia, mpaka kwenye majani makavu ya jirani. Emina akavuta shuka, na chini yake akatokea Bwana Wessling, mwalimu wetu wa hesabu, aliyekuwa anawazungusha wanawe wawili. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ng'ombe. Ila Bwana Wessling, akiwa bado amekaa chini na jani mdomoni, aliuliza tu nani kapotea. Nilipomwambia, alisimama akajipangusa, akawashika wanawe mikono akasema tunakwenda wote.

Nyumba ya kwanza kubisha ilikuwa ya Bi Marjorie, bibi wa kona ambaye amewahi kumnyima pipi mtoto wa mchungaji. Nikapiga kelele kutoka nyuma kwamba tunatafuta mzee mrefu mwenye shuka. Bi Marjorie akasema kwanza kichekesho. Nikamwambia Bi Marjorie, hii ni dharura. Akasema sheria ni sheria, na ng'ombe mkubwa hivi anapaswa kuwa na kichekesho kizuri. Hasira zilinipanda mpaka masikioni, lakini nilijua nikigombana naye tutakesha. Nikatoa kile pekee kilichokuwa kichwani, cha Babu.

"Mkulima mmoja trekta yake ilikwama kwenye tope," nikaanza. "Jirani akaja na yake kuivuta, nayo ikakwama..."

"Hicho nimeshakisikia leo," akanikata. "Jitu refu lenye shuka. Limeondoka sasa hivi tu, limekwenda upande wa kanisani."

Sijawahi kumpenda Bi Marjorie kabla ya hapo, lakini wakati ule ningembusu kama ningeweza kumfikia. Akasema pia kwamba mzuka ule ulikuwa na adabu lakini unachagua sana. Ulikataa kila kitu bakulini isipokuwa chokoleti za karanga. Hilo lilinichanganya. Babu ana meno ya bandia, na karanga ni adui yake mkubwa.

Kuanzia hapo tukawa na njia. Hatukuuliza tena habari za mzee wala shuka. Tukibisha, Emina anasema "mkulima mmoja trekta yake ilikwama," na tunatazama uso wa mwenye nyumba. Akicheka kistaarabu, Babu hakupita. Akiguna kwamba amekisikia, Babu kapita, na tunauliza kaelekea wapi. Na kila mahali habari ni ile ile: ametaka za karanga tu, kashukuru, kaenda.

Kwa Bwana Pruitt, mtu mnene aliyefungua mlango na ndara za nyumbani, mambo yalikuwa tofauti. Alitushika pembe.

"Mwisho wake ni nini?" akauliza. "Kafika kwenye trekta saba zimekwama, mke katoka na taa, halafu kanyamaza. Kasema amesahau. Hawezi mtu kuniacha na trekta saba topeni."

Babu kusahau mwaka, sawa. Kusahau kichekesho chake, hilo sikuwahi kuliona. Nilikifikiria kile kichwa chake kimesimama pale barazani ndani ya shuka, kinatafuta maneno machache ambayo kimeyasema miaka hamsini, hakiyaoni. Nikaanza kulia ndani ya ng'ombe, na ndani ya ng'ombe hakuna pa kufutia machozi. Emina akanyoosha mkono nyuma akanishika kichwa. Nikamwambia Bwana Pruitt hatuna muda, kaelekea wapi? Akaonyesha kidole, tukaondoka mbio, naye akatufuata na ndara zake, anataka mwisho wa kichekesho.

Hivyo ndivyo tulivyozidi kuwa wengi. Bi Marjorie alituona tukirudi kwenye kona akavaa koti akajiunga, akidai hatujui kutafuta. Wana wa Bwana Wessling wakawaambia wenzao. Mpaka king'ora cha jiji cha saa mbili kinalia kutangaza kwamba mambo yamekwisha, watoto warudi kwao, nyuma ya ng'ombe kulikuwa na umati mzima na mbwa mmoja. Na Babu hayupo. Milango ikaanza kufungwa, taa za baraza zikazimwa moja moja. Nilijua Mama yuko njiani, tukageuka kurudi kwetu.

Emina akasimama ghafla nikamgonga.

"Maren," akasema. "Yuko kwenu."

Nilichungulia chini ya kwapa lake. Gari la Mama lilikuwa limeshaegeshwa. Taa ya baraza inawaka, Mama yuko mlangoni na koti lake la kazi, na mbele yake kwenye ngazi kasimama mzuka mrefu na foronya iliyojaa. Nilitaka kukimbia, lakini Bwana Wessling akaweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe akatuzuia. Umati wote ukatulia nyuma ya ua wa jirani.

Babu alikuwa anasimulia. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayejua kazi yake. Mkulima, tope, jirani wa kwanza, jirani wa pili. Mpaka jioni trekta saba ziko topeni. Mke wake akatoka na taa, akazitazama zote, akasema: mume wangu, siku nzima hii umepata faida gani?

Hapo akakwama. Shuka likageuka kushoto, likageuka kulia.

"Samahani, bibie," akasema. "Mwisho umenitoka."

Mama alikuwa amemtambua tangu neno la kwanza, niliuona mkono wake ulivyoshika fremu ya mlango. Nikangoja amvue shuka. Nikangoja aite jina langu kwa sauti ile ninayoijua. Badala yake akasema pole pole, "Mkulima akamjibu, faida ipo. Asubuhi mjinga nilikuwa peke yangu."

Babu akacheka. Alicheka ndani ya shuka mpaka likatikisika, na nyuma yangu Bwana Pruitt akacheka kwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Wewe si mkubwa sana kuomba pipi?" Mama akamwuliza.

"Si zangu," Babu akasema. "Ni za binti yangu, Rhonda. Ana tetekuwanga, hawezi kutoka, amelia dirishani tangu mchana. Nimeona nimzungukie. Kama una zile za karanga, hizo ndizo anazopenda."

Rhonda ni Mama.

Mama aliiachia fremu ya mlango. Kisha aliingiza mikono kwenye mifuko ya koti lake la kazi, akatoa zile za karanga zote alizojichambulia, akazimimina kwenye foronya. Babu akaishika foronya, akaipima uzito, halafu akamkabidhi yeye.

"Mpelekee basi, mimi nimechoka," akasema. "Mwambie asijikune."

"Hajikuni, Baba," Mama akasema. "Ameshapona."

Akamvua shuka taratibu, akamweka nywele sawa, akamwingiza ndani. Bi Marjorie alikuwa analia waziwazi huku akimlaumu mbwa kwamba anamkanyaga. Watu wakaanza kuagana. Bwana Wessling akaniahidi kwamba kuanzia sasa mtaa huu wote unamjua Babu, akionekana nje peke yake atarudishwa kabla hajafika kona, na Bwana Pruitt akasema yeye kwake kuna kiti.

Sisi tukabaki barazani, ng'ombe aliyekwama. Nilikuwa nimepanga maneno ya kujitetea, marefu, yenye zipu ndani yake. Mama akatoka na ule mkasi. Alitutazama, siagi, majani makavu na yote, na nikaona anajizuia kucheka, kitu ambacho sikuwa nimekiona usoni mwake tangu kiangazi. Emina akamkumbusha kwamba vazi ni la kukodi. Mama akasema atalilipia, akakata kuanzia shingoni mpaka kwangu nyuma, nikavuta pumzi ya hewa ya baridi nikahisi naweza kulala palepale kwenye saruji.

"Mama, kuhusu Jumatatu," nikaanza.

"Jumatatu nitawapigia simu wampe mwingine hicho chumba," akasema. "Tutatafuta mtu wa kukaa naye mchana."

Akakaa kwenye ngazi, akaipakata ile foronya. Mimi na Emina tukakaa pembeni yake na miguu yetu bado ya ng'ombe. Nikanyoosha mkono kuchukua chokoleti moja, akanipiga kibao cha vidole bila hata kunitazama.

"Za mgonjwa hizo," akasema, akaanza kumenya ya kwanza.