Mawese kwenye Kasha la Darubini

Rangi ilipobanduka mara ya tatu, niliwaka. Jamani, hivi mimi nimemkosea nani? Kasha la mninga la kushikia kioo cha darubini ninayoiunda, ndani na nje nalitaka jeusi tititi ili mwanga usirukeruke, na kila nikiligusa rangi inatoka na kidole kama ganda la harage lililochemka.

Najua mninga una mafuta yake. Nilikwisha kuupiga msasa, nikaufuta kwa petroli mpaka kichwa kikaniuma, nikapaka praima, nikaiacha ikauke. Nikamfuata Gasper, muuza rangi wa Mwandiga, nikamsema mbele ya wateja wake kwamba ananiuzia maji. Nikarudi nyumbani nikaanza upya.

Na haraka ninayo. Daktari alishasema presha ya macho ya baba hairudi nyuma, kilichopotea kimepotea. Baba yangu, mzee Leonardi, ameunda mitumbwi hapa Ujiji maisha yake yote, na aliniomba kitu kimoja tu: auone mwezi kwa karibu kabla macho hayajafunga. Kila asubuhi namuuliza, ananiambia bado anaona vizuri.

Jana mchana nimetoka sokoni, namkuta barazani, kasha mapajani, kitambaa mkononi, kopo la mawese pembeni. Anapaka! Nikampa zake, baba yangu mzazi, bila hata shikamoo: kwamba ananiharibia kazi, kwamba huu si mtumbwi. Akanijibu taratibu kuwa ubao hautoki mkononi mwa fundi bila kunyweshwa mawese, ndivyo alivyofundishwa, na huu kila akiushika anaukuta mkavu, anaunywesha tena, mimi nimeuacha uchi.

Uchi? Praima, na juu yake mikono miwili ya rangi? Nikalinyanyua kasha juani, mbele ya uso wake.

"Baba, hili lina rangi gani?"

Akalipapasa kwanza. "Jekundu, mama. Mninga utakuwa na rangi gani nyingine?"

Lilikuwa jeusi kama mkaa.

Hasira haikuniisha, ilizidi. Nikamuuliza kwa nini ananidanganya kila asubuhi.

"Ungejua," akasema, "ungeacha kuitengeneza hiyo darubini."

Nikachukua msasa nikaanza kusugua tena, kwa nguvu, machozi yananitoka, naye akalishika kasha lisicheze.