Vanishi ya Oddvar

Mlango wa chuma wa chumba cha kurushia roketi ulikuwa umeshafungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka hadi roketi iruke. Kwa wiki tatu watafiti walikuwa wakingoja mianga ya kaskazini, ile ya rangi rangi angani usiku, itande juu ya kisiwa.

"Mbona ule mshipi wa chuma uliozunguka roketi mmeuacha uchi?" mgeni aliyekuja kutazama alimuuliza Sigrun, mtafiti wao.

"Chombo kikitema elektroni kinabaki na chaji chanya, kinazivuta zirudi. Mshipi ndio unaokusanya nyingine huko juu, zizibe pengo. Bila huo, miaka yangu sita imekwenda na maji."

Oddvar, fundi wao, alilowa jasho. Asubuhi alikuwa ameupaka mshipi vanishi isiyo na rangi, isiyopitisha umeme, kama watu wa pwani ile wanavyopaka kila chuma kisiliwe na chumvi.

"Mzee wangu, mbona umepauka? Au ni ile kahawa mbaya unayoipika mwenyewe?" Sigrun alimtania.

Zilibaki dakika nne. Kama angenyamaza, roketi ingezama baharini na siri yake.

"Simamisheni," alisema. "Mshipi nimeupaka vanishi."

Sigrun alibonyeza kitufe, akaketi akimpa mgongo. Kuizima roketi kulihitaji dakika arobaini, na kabla ya hapo mlango usingefunguliwa.